Wa Tatu kutoka Kushoto

Adrienne, mama Arielle, alikuwa na vitu vitatu ambavyo hakutaka mtu avishike: kinu chake cha kutwangia sombe, yaani kisamvu, ambacho majirani wa chini pale mtaani Rinkeby wameshakilalamikia kwa barua mara mbili, mtandio wake wa sufu, na kiti kimoja chenye mikono, ambacho hata si chake. Kinu kilikuwa salama jikoni na mtandio ulikuwa shingoni. Kiti ndicho kilichotaka kumtoa roho.

Kiti hicho kiko kwenye mkahawa mmoja katikati ya Stockholm, hatua chache kutoka jumba la maonyesho ambako Adrienne anafanya kazi ya usafi. Katika jumba hilo, mwaka wa tisa sasa, unaonyeshwa mchezo uleule wa nyimbo na dansi. Wachezaji wanavaa viatu vyenye vipande vya chuma chini, mbele na kisiginoni, wanagonga sakafu mpaka inaongea. Mchezo unahusu wapagazi wa stesheni wanaogombea mwanamke mmoja, na hadithi yenyewe haina kichwa wala miguu. Lakini nani anakwenda kwa ajili ya hadithi? Watu wanakwenda kwa ajili ya viatu.

Mwaka wake wa kwanza kazini, Adrienne alikuwa anadeki korido ya nyuma wakati wa mazoezi, akasikia mlio ambao hakuwahi kuusikia tangu atoke kwao Uvira, Kongo: wanawake wanatwanga sombe. Aliacha ndoo palepale akaenda kuchungulia, akakuta ni viatu vya wachezaji. Alipokuwa msichana walitwanga watatu kwenye kinu kimoja, yeye na mama yake na shangazi yake, kila mtu na mchi wake na zamu yake. Ukichelewa kidogo tu, mchi wako unagongana na wa mwenzako, na shangazi hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Shule Adrienne aliishia darasa la sita, lakini kwenye kinu alihitimu.

Basi akaanza kuchukua tiketi za wafanyakazi za Jumamosi mchana, akawavuta na watu wawili wa kanisani. Mmoja alikuwa Papa Urbain, fundi cherehani wa Bukavu, mtu wa tai hata akienda kununua vitunguu. Wa pili Gervas, mtu wa Bukoba anayekaa Farsta, dereva wa basi, ambaye abiria wake wanashukuru kwamba breki za gari si kama za mdomo wake.

Wakitoka kwenye mchezo wanaingia mkahawani, wanaagiza kahawa na keki za mdalasini, na kila mmoja anataja kosa la siku. Papa Urbain anakamata nguo na mizigo. "Mwaka wa kwanza," atasema, "yale masanduku yalikuwa mazito, wapagazi wanatoka jasho la kweli. Leo wanayabeba kama mikate." Gervas anakamata mwendo: ngazi waliyoipanda kwa pumzi moja, siku hizi wanaipanda kwa mbili. Adrienne anakamata viatu. Na sheria ni moja: aliyetaja kosa ambalo wenzake hawakuliona, nao wakikumbuka wakakubali, ndiye anayekaa kwenye kiti chenye mikono Jumamosi inayofuata. Kwa miaka sita kiti hicho kilishika umbo la makalio ya Adrienne.

Mwezi wa kumi Gervas akaleta mgeni.

Aliitwa Stellah, Mkenya wa Upplands Väsby, nje kidogo ya jiji, mpishi katika nyumba ya wazee na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao huko. Mwanamke mpana, mtulivu, mwenye tabia mbaya ya kufikiri kabla ya kusema. Jumamosi ya kwanza alinyamaza mpaka wote watatu walipomaliza, kisha akasema, "Sijui kama nimesikia vizuri. Yule msichana wa kofia ya kijani, chuma cha kisigino chake cha kulia kimelegea. Kinalia mara mbili."

Papa Urbain akafumba macho, akakumbuka, akatikisa kichwa kukubali.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Gervas akapiga meza.

Mwenyeji hakupona hata kidogo. Usiku ule Adrienne aligonganisha vyungu mpaka binti yake Arielle akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba kiti ni kiti.

"Wewe umezaliwa umekaa," mama yake akamwambia. "Nenda ukalale."

Jumamosi ya pili Stellah akakaa kwenye kiti chenye mikono. Alikaa pembeni kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Adrienne zaidi. Mwizi mwenye kiburi unaweza kumtukana. Huyu utamwanzia wapi?

Akaona heri awahi kusema. "Leo mimi sina kosa, nina sifa. Yule Aron, mrefu, wa tatu kutoka kushoto. Wanapopokezana mguu mmoja mmoja, yeye ndiye anayegonga kwa nguvu kuliko wote. Pa! Sita wale wengine wanafagia tu."

Aron alikuwa mchezaji mpya, ameingia mwezi wa nane. Alikuwa pia mtu pekee pale nyuma ya jukwaa aliyemsalimu Adrienne kwa jina lake, akalitamka lote bila kulivunja. Kwa hiyo sifa zake zilikuwa na mbolea.

Stellah akakoroga kahawa. "Mama Arielle, pole. Huyo ndiye nilitaka kumsema. Huyo hagongi."

"Hagongi nini?"

"Hagongi kabisa. Miguu inaenda, lakini sauti haiko. Wa kwanza anagonga, wa pili anagonga, halafu ikifika zamu yake ni ngoma ya bendi inapigwa. Kisha wa nne. Ngoma inamfunika. Nafikiri hata chuma hana chini ya viatu."

Gervas akaacha mdomo wazi na keki ndani. "Yaani sisi tunakaa pale tunamshangilia bubu?"

"Wameshusha kiwango," akasema Papa Urbain polepole. "Wanajaza mstari kwa watu wa sura nzuri. Nilijua, tangu yale masanduku."

Wote wakamtazama Adrienne. Na hapo, ndugu zangu, mtu mwenye akili angesema: ngoja nisikilize tena wiki ijayo. Lakini wivu ukishakaa kwenye ulimi hausubiri zamu.

"Mimi nadeki pale nyuma," akasema. "Viatu vya Aron nimevishika kwa mkono huu. Vina chuma mbele na nyuma, kizito kama cha farasi. Wewe, mama, uko huku kwetu wiki ya pili. Masikio nayo yana umri wake."

Stellah akaweka kijiko chini. "Kama umevishika," akasema, "basi nimekosea. Nisamehe." Akainuka, akamvutia Adrienne kile kiti.

Ukweli ni kwamba Adrienne hajawahi kugusa kiatu cha mchezaji yeyote. Wafanya usafi wamekatazwa. Viatu vinakaa kwenye rafu yake, kila jozi chini ya jina la mwenyewe, na fagio linapita kwa mbali. Lakini Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili, jumba likiwa halina mtu, alisimama mbele ya ile rafu akijiambia kwamba anafuta vumbi tu. Akakichukua kiatu cha Aron. Kilikuwa chepesi. Akakigeuza.

Mpira. Mpira mweusi, laini, tangu mbele mpaka kisiginoni, kama kiatu cha nesi.

Akakirudisha haraka kama kilichomuunguza. Wiki nzima alitafuta njia ya kumlaumu Stellah kwa mpira ule, na kwa kweli alikaribia kuipata: kama mwanamke huyu angebaki kwao Upplands Väsby na wazee wake, Aron angeendelea kugonga vizuri.

Jumamosi ya tatu Stellah hakuja. Gervas alisema hajisikii vizuri. Adrienne akakaa kwenye kiti chake, akaweka viwiko kwenye mikono miwili ya kiti, akala keki mbili. Kosa alilotaja siku hiyo lilikuwa la kofia iliyoanguka, ambalo kila mtu aliliona, hata kipofu angeliona, lakini kiti kikabaki kwake kwa kuwa hakuna aliyekuja na jingine. Keki ya tatu aliiagiza, akaiacha nzima.

Jumamosi ya nne Stellah akarudi, amepungua kidogo. Ndani ya jumba alikaa karibu na Adrienne. Wapagazi wakajipanga mstari, mguu mmoja mmoja ukaanza kupokezana, na Stellah akafumba macho, akamwinamia.

"Amegonga?" akanong'ona.

Adrienne aliisikia vizuri sasa. Ile sehemu ya tatu ilikuwa shimo, na ngoma imewekwa juu yake kama mkeka. Alijiuliza amewezaje kukanyaga hapo miezi miwili bila kutumbukia.

"Amegonga," akasema.

Stellah akashusha pumzi, akafumbua macho, na mpaka mwisho wa mchezo hakuuliza tena.

Mkahawani Adrienne akachukua kiti chake. Nje theluji ya kwanza ilikuwa inashuka, na kila mteja aliyeingia aliingia na upepo wake. Gervas akaanza na ngazi, Papa Urbain akaja na kifungo kilichokosekana. Zamu ya Stellah ilipofika akatikisa kichwa.

"Mimi sitaji tena, jamani. Nitakuja kuangalia tu. Nimeomba kupimwa masikio, wamenipa tarehe ya mwezi ujao. Na kwaya naikabidhi kesho."

"Kwaya?" Gervas akashtuka. "Miaka kumi na moja, Stellah!"

"Kiongozi asiyesikia anafanya nini mbele ya watu? Leo tena nimesikiliza kwa makini, nikamsikia yule kijana bubu vilevile, na Mama Arielle hapa kando yangu anamsikia. Si ni mimi? Pale kwetu jikoni mashine za kuosha vyombo zinanguruma kutwa. Nilijua siku moja zitanidai." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na meno. "Atachukua Damian, yule wa kinanda."

"Damian si anaimba kama mlango!" Gervas akasema.

"Atajifunza."

Adrienne alitazama keki yake. Nusu ya roho yake ilisema: nyamaza, mwanamke, kimeshakwisha, ameacha mwenyewe. Kiti ni chako mpaka mchezo ufungwe. Nusu nyingine ikamwona shangazi yake, mchi mkononi, akisikiliza kinu kwa kichwa kilichoinama. Shangazi alikuwa mkali, alikuwa mchoyo, na majirani alikuwa hawapendi. Lakini ukigonga sawa alisema umegonga sawa, hata kama wewe ni adui yake.

"Hana chuma," Adrienne akasema.

"Nani?" akauliza Papa Urbain.

"Aron. Viatu vyake ni mpira mtupu. Nimevishika."

Gervas akahesabu kwa vidole hewani. "Ngoja, ngoja. Si ulisema umevishika ukakuta chuma kama cha farasi?"

"Siku ile nilikuwa sijavishika. Nilivishika Jumatatu yake."

"Kwa hiyo ulipotuambia..."

"Niliwadanganya, Gervas! Unataka nikuandikie barua?" Sauti ilimtoka kubwa, mpaka mama mmoja wa Kiswidi kwenye meza ya jirani akageuka, kisha akajifanya hakugeuka. "Na leo mle ndani nimemdanganya mara ya pili. Huyu mama anasikia. Anasikia kuliko mimi. Haya, mmefurahi?"

Papa Urbain akarekebisha tai, ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Stellah alikuwa amemkazia macho Adrienne, na uso wake ulipita kwenye mambo mengi, moja baada ya jingine, kila moja kwa zamu yake.

"Wiki mbili," akasema mwishowe. "Wiki mbili nimekuwa nikiosha masikio kwa mafuta ya moto, Mama Arielle. Nimemwambia mchungaji. Nimelia kwenye treni."

"Najua."

"Hujui. Kwa nini?"

Adrienne akapapasa mikono ya kiti, wa kulia na wa kushoto. "Kwa sababu ya hiki," akasema. Hata yeye alisikia jinsi neno lilivyotoka dogo.

Gervas akaanza kucheka, akaona hakuna wa kumfuata, akajitia kikohozi.

"Kupimwa nitakwenda," Stellah akasema. "Wakinipa karatasi nitakuletea wewe, uisome kwa sauti hapahapa."

"Nitaisoma."

"Na mchungaji utampigia wewe. Leo."

"Nitampigia."

"Basi inuka."

Adrienne akainuka. Alichukua kikombe chake na sahani yake, akazunguka meza mpaka kwenye kile kiti kingine, cha mbao, kinachoyumba mguu mmoja. Kiti alimpa Stellah. Tabasamu hakumpa, na samahani aliitoa baadaye, kwenye simu, mbele ya mchungaji, ikiwa imekunjwa ndogo kama noti ya sadaka.

Stellah safari hii hakukaa pembeni. Alikijaza kiti chote, akaegemea, akaweka mikono juu ya mikono. Mlango ukafunguliwa nyuma yake, watu wawili wakaingia na theluji mabegani, na upepo ukampiga kisogoni.

"Yesu!" akaruka. "Kumbe hapa kuna baridi hivi? Miaka sita umekaaje hapa, mama?"

Adrienne akauvuta mtandio wake wa sufu, akauzungusha shingoni mara ya pili, akaufunga.

"Utazoea," akasema.