Njia ya Uani kwa Bi Sihaba

Kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto, Bi Sihaba hufungua komeo la mlango wa mbele, kisha la mlango wa uani, halafu huketi kwenye kigoda na ungo wa mchele. Hajakaa vizuri, wa kwanza amefika.

"Hodi."

"Pita."

Ni hivyo mpaka jioni, sauti imkauke.

Alipoolewa hapa Mkuyuni mwaka 1938, nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mihogo na jabali tu. Kisha watu wakaja kutoka Misungwi na kwingineko kutafuta kazi mjini. Kila mmoja alijenga alivyopenda, hadi vichochoro vyote vikaishia kwenye kuta za watu. Kufika barabarani iliwabidi walizunguke jabali zima, mizigo kichwani. Mumewe, fundi cherehani Mbaruku, akawaambia wapite uani kwake. Alisema ni kwa muda tu.

Mbaruku alifariki wiki chache baada ya uhuru. Bi Sihaba akakaa eda, na kwa kuwa mjane aliye edani haonwi na wanaume wa nje, mlango wa uani ukafungwa. Kwa miezi minne na siku kumi hakujibu hodi ya mpita njia. Alilala mchana. Palipokuwa njia, mchicha ukaota.

Alipotoka eda, mwanawe Seif alileta matofali.

"Mama, tuzibe kabisa. Nijenge vyumba viwili, nawe upumzike."

"Yaweke hapo."

"Niweke tu, au nianze kujenga?"

"Una haraka kama mwenye nyumba. Kunywa chai kwanza."

Nje ya ukuta jirani yao Bernadeta alikuwa akipita na kapu la samaki, akielekea jabalini.

"Bi Sihaba," aliita, "huo mchicha wako umenenepa kuliko sisi."



Kesho yake Seif alikuta mlango wazi, mchicha umelala chini, na matofali yake yamepangwa kwenye tope watu wakiyakanyaga. Aliondoka bila kuaga.

Miaka mitatu baadaye, nami nikiwa mmoja wa wapita njia wa uani hapo, nilimkuta Bi Sihaba kwenye kigoda kile kile, akiitikia hodi huku amefumba macho. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hakuziba, ilhali alikuwa ameshaonja kupumzika.

"Nilikuwa nawasikia wakizunguka," alisema.