Nilichomficha Dada Yangu

Daktari aliyenitoa tezi ya shingoni aliniambia saratani yangu ni ya kurithi, kwa hiyo dada yangu naye apimwe damu mapema. Nilienda kwake Mbotela. Alivyofurahi kuniona nimerudi, nikashindwa kumwambia ukweli; nikasema lilikuwa rovu tu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa chumvi yenye iodini.

"Si nilikuambia, ndugu yangu! Huko unakozurura hawatii chumvi," alinicheka, akanipa pakiti mbili za chumvi.

Nikazichukua, nikaondoka tena, mwaka mzima. Niliporudi alikuwa na uvimbe shingoni, naye alikuwa akiongeza chumvi kwenye kila chakula ili uishe. Hapo ndipo nilipomwambia ukweli.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na watoto wangu?"

Nikajibu kwamba nao walipaswa kupimwa tangu mwaka jana.