Jina la Bernardo Kwenye Kadi za Stoo

Kiwandani kulikuwa na mashine mbili za kuchakata mkonge, ziitwazo korona, na wafanyakazi waliziita Bibi na Mwali. Bibi alifungwa hapo kabla Bernardo hajazaliwa. Mwali aliletwa miaka mingi baadaye kutoka nchi nyingine, kwa mtengenezaji mwingine, na vipuri vyake havikuingiliana na vya Bibi hata nati moja. Kiwanda chenyewe kiko kando ya barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni, na ndani ya stoo yake Bernardo alikaa miaka ishirini na sita.

Alizaliwa kambini Ngombezi. Babu yake alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya Ruvuma kukata mkonge, baba yake akakata mkonge, na Bernardo alipomaliza darasa la saba akapewa panga kama wenzake. Kilichomtoa shambani ni mwandiko. Siku moja mnyapara aliumwa jicho, akamwomba amwandikie daftari, na kesho yake karani akauliza ni nani huyu mwenye herufi zilizonyooka namna hii. Hakushika panga tena. Alikuwa mtu wa haya, wa kuongea akitazama kidole gumba cha mguu wake mwenyewe, na stoo ilimfaa. Mtu anakuja dirishani, anataja kitu, anapewa, anakwenda zake.

Kila kipuri kilikuwa na kadi, na chini ya kila kadi aliandika kwa kirefu: Bernardo Likanga. Wengine wangechora mkwaruzo wakaita saini. Yeye aliandika jina zima, taratibu, kila mara. Nyumba aliyolala ilikuwa ya shamba, na shamba lingeitaka wakati wowote. Jina lile kwenye kadi aliliona kuwa ni lake.

Mafundi hawakutaja vitu kwa kirefu. "Bwana stoo, beringi!" alikuwa akipaza sauti Mbaruku, fundi mkuu, na Bernardo alijua ni ya Bibi, kwa kuwa Bibi ndiye aliyeharibika kila juma. Aliyetaka ya Mwali alisema ya Mwali. Kisha mwaka 2019 Bibi akavunjika shafti. Wakamsukuma nyuma ya karakana, kuku wakahamia ndani yake. Tangu hapo "beringi" tupu ikawa ya Mwali. Hakuna aliyetangaza, midomo ilibadilika yenyewe na kadi zikafuata. Kadi tupu, yenye jina la kipuri bila la mashine, ya kabla ya mwaka ule ilikuwa ya Bibi, ya baada yake ikawa ya Mwali, na kadi zenyewe hazikuwa na tarehe. Bernardo alizitambua kwa rangi ya wino.

Mwaka juzi akaja Munira. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, kutoka Tanga, ametumwa kuiingiza stoo yote kwenye programu ya kompyuta ambayo ingeagiza vipuri yenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye stoo."

Bernardo alicheka kidogo, akamvutia kiti.

Munira alimweleza kwamba kila kipuri lazima kipate anwani. "Kama anwani ya nyumba, mzee. Kwanza ghala kinakotoka, halafu mkwaju, huu mstari ulioinama, halafu mtengenezaji, mkwaju tena, halafu jina la kitu chenyewe. Herufi zote ndogo, bila nafasi. Programu ikiwa na anwani kamili haipotei."

"Na kadi ikiwa na jina tu?"

"Inajazia. Tunaiambia mara moja: ukikuta jina tupu, weka ghala hili na mtengenezaji huyu."

Walikaa miezi mitatu, yeye akisoma, Munira akibonyeza. Vipuri elfu moja na mia nane. Bernardo alisoma mpaka sauti ikakauka, na pale Munira alipokosea aligusa mkono wa kiti chake mpaka binti akatazama tena. "Mzee, wewe ungekuwa programu, mimi nisingepata kazi," alimwambia siku moja, na Bernardo alikwenda nyumbani na maneno hayo akayarudia kwa mkewe, Yasinta, mara mbili.

Wakafika kwenye kadi tupu. Zilikuwa mia tatu.

"Hizi mtengenezaji gani?"

"Inategemea mwaka," Bernardo alisema, akamweleza habari ya Bibi na Mwali.

Munira alijifikicha macho. "Inajazia kitu kimoja tu, mzee. Haiulizi mwaka. Zipi nyingi?"

"Za Bibi. Lakini Bibi amekufa."

"Basi tujazie za Bibi. Za Mwali niandikie orodha, nitazirekebisha kwa mkono." Kisha akashusha kidole kwenye skrini. "Na hapa pameandikwa aliyethibitisha. Hapataki kuachwa wazi. Niweke jina lako kwa sasa?"

"Weka tu."

Aliona furaha kuliona likitokea pale kwenye kioo, ingawa lilikuwa kwa herufi ndogo: bernardo.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, aliandika orodha. Vipuri arobaini na kimoja, kila kimoja na anwani yake kamili, mikwaju imelala upande mmoja kama mvua ya upepo. Jumatatu alikuta Munira ameitwa Tanga kwa haraka na meneja ameitisha mkutano. Programu ilikuwa inaanza siku hiyo hiyo.

Meneja, bwana Mustapha, alisifu kazi, akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Orodha ilikuwa mfukoni mwa shati, imekunjwa mara nne. Bernardo aliinua mkono mpaka usawa wa mfuko, akaigusa karatasi. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa pale. Mkono ukafunga kifungo cha shati, ukashuka.

"Safi," alisema meneja.

"Bwana stoo, umemezwa mzimamzima!" Mbaruku alimtania, na watu wakacheka.

Walipotoka, Bernardo alibaki nyuma akaiweka orodha mezani kwa meneja, katikati kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kukosa kuiona. Kesho yake alipopeleka funguo aliiona palepale. Haikuwa imekunjuliwa. Kikombe cha chai kilikuwa juu yake.

Machi beringi ya Mwali iliungua. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu programu ilikuwa imekwisha kuagiza nyingine na boksi lilikuwa limefika. Mbaruku alilifungua, akaipima beringi kwa macho, akaketi chini.

"Hii ya Bibi," alisema. "Jamani, tumemnunulia marehemu viatu."

Mwali alisimama siku kumi na moja. Majani yaliyokwisha kukatwa yakawa meusi uwanjani na kunuka. Wakataji wakaambiwa wakae nyumbani, na wanawake wa kuanika singa, nyuzi za mkonge, nao wakakaa nyumbani, Yasinta akiwamo. Bombani wenzake walimsubiri.

"Mama Asnath, mwambie mumeo atuchemshie hiyo beringi tule."

"Aikaange na kitunguu, isitushinde!"

Yasinta alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka.

Meneja alimwita Bernardo, akamsukumia karatasi iliyochapwa. Chini yake pameandikwa: aliyethibitisha, bernardo.

"Ni wewe huyu?"

"Ni jina langu."

"Sikuulizi jina. Ulithibitisha au hukuthibitisha?"

Bernardo alitazama kidole gumba cha mguu. "Niliandika orodha."

"Orodha ipi?"

Ile uliyoiwekea kikombe juu, Bernardo aliwaza. Meneja akasema kwamba kwa heshima ya miaka yake hatamfukuza. Atakwenda kwenye banda la marobota, kufunga singa. Dirisha la stoo likapigiwa ubao.

Miezi minne Bernardo alifunga marobota, na watu walimwita "Bwana Beringi" mpaka wakachoka. Ndipo Mbaruku akamfuata bandani, mkononi ana karatasi, usoni hana utani.

"Umerudi stoo kimyakimya?"

"Nirudi vipi? Pamepigiwa ubao."

"Basi soma. Mikanda imeagizwa juma lililopita. Si yenyewe, imekuja mifupi. Nani kathibitisha?"

Bernardo alisoma. bernardo. Juma lile lote alikuwa hapo, nyuzi za singa zimemjaa kichwani kama mvi. Alisoma tena, na taratibu akaelewa ni nini kilichokuwa kikiliandika jina lake miezi yote ile.

Yasinta alipoiona karatasi hakukaa. "Nenda sasa hivi, Baba Asnath. Ukinyamaza na hii, umekubali na ile ya kwanza."

Alikwenda na vumbi lake. Meneja alisoma, akakunja uso, akampigia Munira simu, sauti ikasikika chumba kizima.

"Ah, hiyo inajazia, meneja. Pakiachwa wazi inaweka jina la mzee. Niliweka tulipoanza, nikasahau kulitoa."

Bernardo aliinua macho, akamtazama meneja usoni kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

"Basi na beringi ya Machi sikuithibitisha mimi."

"Ni kweli, mzee," alisema Munira, sauti imepungua. "Ile hakuithibitisha mtu. Nisamehe."

Meneja alijikuna shingo. "Munira, litoe hilo jina."

"Kwenye zote?"

"Zote. Tusisikie tena habari hii."

Vibonyezo vikasikika kwa mbali, mara chache tu. Meneja aliigeuza skrini ili Bernardo ajionee. "Haya mzee. Umesafishwa."

Bernardo aliinama kusoma. Kwenye beringi ya Machi palikuwa pameandikwa: mfumo. Kwenye mikanda, mfumo. Akaomba washuke chini zaidi. Zikapita cheni, visu, nati, vitu alivyovisoma kwa mdomo wake mpaka sauti ikakauka, anwani zake zote zimenyooka bila kosa. Elfu moja na mia nane. Mfumo, mfumo, mfumo.

"Na stoo, bosi?"

"Stoo ipi, mzee? Siku hizi hatuna stoo."

"Kadi zangu je?"

"Zile za karatasi?" Meneja alifikiri. "Zilichomwa na takataka, tulipofanya usafi ulipohamia bandani."

Bernardo alishukuru, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akatoka.

Alasiri ile Mwali alipiga kelele mbaya, akazima. Mbaruku alitoka karakana akikimbia, na kwa mazoea ya miaka akaelekea kwenye dirisha lenye ubao, mdomo wazi. "Bwana stoo, be—" Akakumbuka. Akageuka kuelekea bandani.

Bernardo alimwona akija. Kwa kelele ile alijua ni beringi ipi, si ile iliyoungua Machi, na kwamba ya akiba iko nyuma ya ubao ule, rafu ya tatu kutoka chini, nyuma ya makopo ya grisi. Akainamia robota lake, akaendelea kukaza waya.