Uso wa Jiwe

Juzi niliona kwenye simu wageni wasioona wakipapasa nakala za sanamu katika jumba la sanaa huko India, nikamkumbuka bibi. Hakuwa akiona. Kila nikirudi kutoka shule, pale mtaani kwetu Flemingdon Park, ughaibuni, alinipapasa uso kwa vidole vinavyonukia iliki, ajue kama nimekula. Mengine yote tulimsimulia.

Mchana mmoja nilimpeleka kwenye maonyesho ya sanaa ya Kihindi, na mhudumu alimshika mikono akaiweka juu ya uso wa mwanamke wa jiwe. Nilingoja tufukuzwe, maana sanamu za maonyesho haziguswi. Bibi alipapasa taratibu, mashavu, midomo.

"Amekula?" nikamuuliza.

"Ameshiba, mjukuu wangu."

Mashavu ya bibi yalikuwa yamelowa. Nilidhani ni jasho.

"Leo sikusimuliwa," akasema. "Nimeona mwenyewe."