Mungu Njo Alipenda

Kwetu Likasi, Kongo, ukitaja krwazadi, hata mtoto wa chekechea anajua unasema nini. Vitambaa vyenye sura ya mhubiri vinatundikwa barabarani, vipaza sauti vinapangwa kwenye uwanja wa mpira, na kwa siku tatu wagonjwa wanapelekwa kwa baiskeli kuombewa. Neno ni lile lile la Kifaransa ambalo kwenye kitabu changu cha historia maana yake ni vita vya msalaba: Wakristo wa Ulaya ya zamani kwenda kupigania Yerusalemu. Mimi nilijua maana zote mbili. Wanafunzi wangu walijua moja tu, na hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu. Siwezi kumsingizia shetani.

Nilikuwa mwalimu mwenye mdomo. Nimezaliwa Mkatoliki, mtoto wa fundi wa kiwandani, na watu wa makanisa ya maombi niliwadharau kwa kelele zao. Darasani nilipenda kuchekesha, na kichekesho changu hakikunoga bila mtu wa kuchekwa.

Somo la ukabaila nililifundisha kwa mchezo. Mvulana mmoja mnene nilimpandisha juu ya meza awe bwana mwenye ardhi. Mwingine alipiga magoti mbele yake, akaunganisha viganja vyake, akaviweka ndani ya mikono ya bwana na kuapa utii. Ndivyo walivyofanya zamani. Ikabaki nafasi ya mkulima wa chini kabisa, yule ambaye hana ruhusa hata ya kuhama shamba la bwana wake. Nikamwita msichana wa dawati la nyuma, ambaye baba yake anachimba madini Kakanda, kwenye kilima cha mtu mwingine.

"Weye kuya," nilimwambia. "Hii kazi munaijua ku nyumba."

Alikaa sakafuni mpaka kengele, sketi yake ya bluu ikijaa vumbi. Darasa zima lilivunjika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Juma lililofuata tukaingia kwenye somo la krwazadi. Nikaeleza jinsi Papa alivyohubiri, na umati ukaitikia kwa sauti moja, "Mungu anapenda!" Nikaeleza kwamba maskini walitangulia kabla ya mashujaa wenye farasi, na wake zao na watoto kwenye mikokoteni, na kwamba kila mji ulipotokea mbele, watoto waliuliza kama ndio Yerusalemu. Ilibaki niseme walivyochinja Wayahudi waliowakuta njiani, kisha jinsi wenyewe walivyokufa kwa njaa na kwa upanga. Kabla sijafika huko, msichana yule akainua mkono.

"Prof, mama iko na maladi ya sukari," alisema. "Siku ya tano tunaenda naye mu krwazadi. Pasteur anasema atupe sindano, juu sindano ni kukosa imani. Njo vile?"

Aliuliza kama ndivyo, na jibu lilikuwa neno moja: hapana. Hata mwendawazimu wa sokoni angelisema. Lakini darasa lilikuwa linanisubiri, na mimi nilikuwa na njaa ya kicheko chao. Nikapanda juu ya kiti, nikanyoosha mikono, nikakwaruza sauti kama mhubiri.

"Kama Mungu anapenda, sindano ni ya nini? Tupa, ma fille! Tupa!"

Walicheka mpaka wakapiga madawati. Msichana alitabasamu kidogo, akainama na kuandika kitu kwenye daftari lake. Nilidhani anaficha uso. Kengele ikalia, na wale maskini wa Ulaya nikawaacha njiani, bado wanatembea.

Dawati la nyuma lilikaa tupu juma moja, kisha la pili. Ndipo kiongozi wa darasa akaja kunieleza kwamba mama wa msichana yule amefariki. Alizimia siku chache baada ya krwazadi, na nyumbani hawakukubali apelekwe hospitali. Shule ikatutuma walimu watatu kwenda kwenye kilio.

Baba alikuwa ameketi uani na wanaume wenzake, vumbi la kilimani bado kwenye nyufa za vidole. Aliposikia mimi ndiye mwalimu wa historia, alisimama.

"Prof, mama alikuwa na woga ya kutupa ile dawa," alisema. "Siku mbili alikuwa naikamata tu mu mukono. Njo mutoto akamusomea mu kaye yake vile mulisema. Akatulia. Akasema, kama muntu wa masomo anasema vile, basi. Alikufaka na amani. Aksanti, Prof."

Kisha akakunja magoti kidogo, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake, akaunganisha viganja vyake na kuviweka ndani ya mikono yangu.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Msichana alikuwa mlangoni na karai la maji, ananitazama. Alikuwepo siku ile. Alisikia kicheko. Neno lilikuwa bado ni lile lile moja, hapana, na nadhani alikuwa analisubiri, nilitamke mbele ya baba yake.

Nikaifunika mikono ya yule mzee kwa yangu.

"Mungu njo alipenda, Papa," nikamwambia, kama wanavyosema wote kwenye kilio.

Baba akaitikia amina. Msichana hakuitikia.