Wafu Wasioonekana Ukutani

Pale shule ya San Mateo hakuna aliyemfikia Mwalimu Eduviges katika kupamba ukuta wa darasa. Mkasi wake ukigusa karatasi ya rangi, maua yalitoka, ndege walitoka, na walimu wenzake walitokwa na wivu. Kila Novemba, wiki ambayo kila familia huzikaribisha nyumbani roho za wafu wake, zawadi ya ukuta bora ilikuwa yake.

Mwaka huu watoto wake wa chekechea walileta picha za marehemu wao. Yatziri alileta ya bibi yake, aliyemlea. Tangu mazishi ya Agosti mtoto huyo hakuwa ametamka neno shuleni, na Eduviges alikuwa ameishiwa mbinu. Picha zote alizifunika plastiki zisichafuke, akazibandika juu kabisa, karibu na dari. Ndivyo madhabahu ya wafu inavyopangwa nyumbani: wafu juu, mkate na maua ya njano chini.

Asubuhi ya mashindano alikaa kwenye kiti cha Yatziri, akainama kuokota pini. Alipoinua macho, Yesu na Maria! Wafu hawakuwapo. Mwanga wa dirisha ulipiga kwenye plastiki, kila picha ikawa nyeupe tupu. Wiki nzima mtoto alikuwa akikodolea macho plastiki.

Akavuta ngazi, akaanza kubandua picha na kuzishusha palipokuwa na mkate.

"We Vige, umerogwa?" aliuliza Mwalimu Refugio, jirani yake wa darasa la kwanza. "Majaji wako getini! Wafu chini, mkate juu? Watakucheka mpaka Krismasi!"

"Wacheke, shoga, meno ni yao. Nishikie ngazi."

Akazibandika picha usawa wa kiuno chake, bila plastiki. Watoto walipoingia kutoka uwanjani, kelele zikakatika zenyewe. Kila mmoja akaenda kwa wake. Miaka yote ile ya kushinda, Eduviges hakuwahi kusikia darasa limenyamaza namna hiyo.

Yatziri alisimama ana kwa ana na bibi yake, pua karibu iguse karatasi. Majaji walikuwa wameshafika mlangoni, kalamu mkononi, na hakuna aliyethubutu kuingia.

"Bibi," alisema Yatziri, kwa sauti ya kawaida kabisa, "kuku wako nawalisha mimi. Yule mwekundu ametaga."