Siku Mkuu wa Shule Alipoomba Nafasi ya Kuzungumza

Nilipohamia Songea kufundisha Uraia, nilikuta wanafunzi wanaojua kutaja haki zote za raia kwa mpangilio, lakini ukiwauliza wanaonaje, wanatazama chini. Ndipo nikaanzisha mdahalo kila Ijumaa mchana. Wiki za mwanzo walisema yale waliyodhani nataka kuyasikia.

Kisha nikatoa mada: kiongozi mzuri ni yule anayekubali kuulizwa. Akasimama binti mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa wakulima wa Mpitimbi, ambaye hata mahudhurio aliyaitikia kwa kunong'ona.

"Darasani tunafundishwa kwamba watu huchagua viongozi wao," alisema. "Mbona hapa viranja wanachaguliwa na walimu?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi, halafu ukazima ghafla. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Aligeuka, akaondoka.

Jumapili hiyo hata kanisani sikusikia mahubiri. Mume wangu aliniuliza, "Wakikuhamishia Lusewa huko mbali, sisi huku Mfaranyaki tutaishije?" Ila kilichonichoma zaidi ni yule binti. Nilikuwa nimemwambia aseme bila woga. Je, wakimsimamisha masomo?

Jumatatu nikaitwa ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Kaa, mwalimu. Yale maneno ulimfundisha wewe?"

"Hapana, Mkuu. Mada ilikuwa yangu. Maneno ni yake."

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Nilikasirika sana. Nikafika nyumbani nikitafuta jibu la kumpa yule mtoto, nikakosa. Sasa ninalo. Ijumaa mada iwe viranja wachaguliwe na wanafunzi, nawe nipangie nafasi, nizungumze upande wa kupinga."

Niliona kama nimetuliwa gunia la mahindi kichwani. Nikacheka na machozi yakanitoka, mpaka naye akaanza kucheka.

Ijumaa alipewa dakika zilezile wanazopewa wanafunzi. Alisema wakichaguana wenyewe, watampa kura anayewaficha wachelewaji. Ilikuwa hoja nzito. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Muda ulipoisha mtunza muda akagonga kengele, na mkuu akakaa katikati ya sentensi.

Binti akainuka. "Shikamoo, Mkuu. Ni kweli tunaweza kukosea. Lakini tukikosea wenyewe, tutajua namna ya kusahihisha."

Mkuu alishindwa kwa kura nyingi. Akampa binti mkono mbele ya wote.

Muhula uliofuata viranja walipigiwa kura. Walimu tulibaki na kazi ya kuhakikisha wagombea hawana makosa ya nidhamu, na hata hilo wanafunzi walilijadili kwanza. Yule binti aligombea akashindwa na mwenzake wa darasa la jirani. Nilimwangalia kwa wasiwasi. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote, akibishana na jirani yake kuhusu mada ya Ijumaa inayokuja.